Rangi ya chambo cha karpu kwenye sakafu ya ziwa

Karpu ni samaki yule yule anayevuliwa kwa nyavu katika Ziwa Naivasha, Kenya. Uingereza huvuliwa kwa ndoana, na mara nyingi hurudishwa majini. Chambo chake kikuu huko ni vitonge vya unga na mayai vilivyoviringishwa na kuchemshwa, vyenye upana wa milimita 10 hadi 20. Mvuvi anaposema "rangi ya chambo", jambo la maana si rangi inayoonekana kiganjani, bali jinsi kitonge kinavyotofautiana na sakafu kinapotua.

Maji yenyewe huchuja rangi. Wengi husema nyekundu hupotea majini, na ni kweli kwa maji maangavu yenye kina kirefu. Lakini maziwa mengi ya karpu yana kina cha mita chache tu, ambapo nyekundu bado ni nyekundu. Maji ya kijani au ya rangi ya chai hufanya kinyume: humeza zambarau na buluu kwanza, yakaacha njano, chungwa na nyekundu. Usiku wa giza jicho la samaki halitambui rangi tena, hubaki kutofautisha cheupe na cheusi. Ndiyo maana kulipa zaidi kwa waridi badala ya nyeupe kwa ajili ya uvuvi wa usiku ni kupoteza pesa.

Sakafu hupimwa kwa chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) tupu, bila ndoana. Irushe, kaza mshipi inapozama, kisha ivute polepole. Ikigonga chini na fimbo ikatetemeka wakati wa kuvuta, ni kokoto. Ikitua bila kishindo na kuvutika kwa uzito laini, ni tope. Ikinasa, ni magugu. Mara nyingi hurudi na tope kidogo: lipake ndani ya chupa ya kioo, jaza maji ya ziwa, tia kitonge, kitazame kwa juu. Juu ya tope jeusi, nyeupe na njano huonekana mbali. Juu ya kokoto za hudhurungi, njano iliyopauka hupotea.

Kuonekana si faida kila mara. Katika ziwa linalovuliwa kila siku, karpu hujifunza kukwepa rangi kali, kwa hiyo wavuvi hufifisha chambo: hukiloweka kwenye maji ya ziwa kwa saa 24 hadi 48 mpaka kipauke, kionekane kama kimelala pale siku nyingi. Tatizo ni kwamba huvimba na kulainika, kikachomoka wakati wa kurusha au kikamalizwa na samaki wadogo. Vya kufunga kwenye ndoana viwe vigumu tangu mwanzo.

Kosa kubwa zaidi ni kuchagua rangi nzuri kisha kuizika. Kitonge kizito huzama ndani ya tope laini, na hapo rangi haina kazi. Tumia kinachoelea, kikae sentimita 3 hadi 5 juu ya tope.

Isitoshe, macho ya karpu yako ubavuni na haoni kilicho chini ya mdomo wake. Rangi humsogeza karibu, kisha harufu na sharubu ndizo zinazoamua. Karpu wakiwa wanazuka pale pale bila kugusa chambo, badili kwanza mahali pa chubwi au urefu wa uzi wa ndoana kabla ya kugusa rangi.