Kikwazo si kizuizi

Juzi nimelisikia tena, kijiweni kwenye kahawa hapa Dodoma: "Mnara uko kule, haujagusa lami. Utazuiaje ndege?" Tangu mazungumzo ya uwanja mpya wa ndege wa Msalato yapambe moto, swali hili, kwa nini mnara ulio nje ya uwanja uitwe kikwazo cha ndege, halinipiti wiki.

Kikwazo, kwa watu wa anga, ni kitu chochote kilicho mahali ndege zinapotembea ardhini, au kilichochomoza kupita mwinamo wa kufikirika unaolinda njia ya ndege angani. Mti, kreni, bango, paa la ghorofa. Kwa njia kubwa za kurukia, mwinamo huo huanzia mita 60 baada ya mwisho wa lami na kupanda mita 1 kwa kila mita 50. Jengo la mita 20 lililo nusu kilomita kutoka hapo limeshachomoza.

Sasa neno lenyewe, ambalo watu hulibadilisha na kusema "kizuizi". Kizuizi kimetoka kwenye kuzuia: ni kama lile geti la barabarani, ukilifikia unasimama. Kikwazo kimetoka kwenye kukwaa, kitu cha kugonga kidole. Anayekiona mapema hasimami. Anainua mguu, na akiwa na mzigo mzito kichwani, anaupunguza kwanza. Waliochagua neno hili walichagua vizuri mno, ndiyo maana naumia likibadilishwa.

Rubani wa ndege kubwa ya abiria hupiga hesabu akichukulia kwamba injini moja imekufa wakati wa kuruka, na bado ndege ipite juu ya mnara kwa mita zisizopungua 11 hivi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana hewa ni nyepesi, injini hazivuti vizuri na ndege hupanda kwa uvivu. Lami ni ileile ya asubuhi, mnara ni uleule, lakini mafuta, mizigo au abiria wanapungua.

Kutua kuna hesabu yake. Kikwazo kikiwa upande wa kuingilia, kizingiti cha kutulia, yaani mstari ambapo sehemu ya kutua inaanzia, husogezwa mbele, na mishale meupe huchorwa kwenye kipande kilichoachwa. Kipande hicho hakijafa: anayeruka anaweza kuanzia hapohapo. Ndiyo maana njia moja huwa na urefu mmoja wa kurukia na mwingine wa kutulia.

Kwa hiyo, mzee wangu wa kijiweni, ni kweli mnara haujagusa lami, na hauizuii ndege. Unaikwaza tu, na rubani ameshauweka kwenye hesabu kabla hajawasha injini.