Kamera kwenye buti: mwizi alikuona ukiipakia

Desemba ikikaribia, wageni wa bara huteremka Pwani na kamera zao, na wapiga picha wa harusi hutoka ukumbini usiku wa manane. Dawati letu la kuzuia uhalifu linawaomba nyote mzingatie haya.

Pakia kabla ya kuondoka nyumbani. Mtu anafika Mama Ngina, bustani ya ufukweni Mombasa, anafungua buti, anaweka mkoba ndani watu wakimtazama, kisha anakwenda kununua mihogo. Amekwisha kumwonyesha mwizi pa kuvunja. Ukilazimika kuhamisha vifaa, simama kwingine kwanza, uhamishe, ndipo uende kuegesha.

Buti nayo si kasha la chuma. Magari mengi yatokayo Japani yana kishikio cha kuifungulia, chini kando ya kiti cha dereva. Mwizi huvunja kioo kidogo cha pembeni, huingiza mkono, huvuta, basi. Probox na Fielder hata ukuta wa kutenga buti hazina. Pitisha waya wa chuma wenye kufuli kwenye mpini wa mkoba, uufunge kwenye fremu ya kiti. Mwenye koleo na muda ataukata, lakini mwenye nusu dakika atauacha.

Tinti haifichi kitu. Mtu akiziba mwanga kwa viganja huona hadi sakafuni. Na tafadhali, ukishabonyeza rimoti, vuta mlango kwa mkono. Kuna vifaa vya kuvuruga mawimbi ya rimoti: wewe umegeuka, mlango haukufunga. Kwenye foleni ya feri Likoni, vioo viwe juu na mkoba uwe sakafuni, si pajani.

Ukishaibiwa, usisogeze gari wala kugusa vioo vilivyovunjika. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na tukio, uandikishe tukio kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi), uchukue nambari yake, kisha uombe abstract, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba umeripoti, ambayo kampuni ya bima itaidai. Taja serial namba ya kamera, ya kila lenzi na ya flashi. “Canon nyeusi” si maelezo. Ziko nyingi mno, na bila nambari ni vigumu kuthibitisha mahakamani kwamba ni yako. Nambari ya kamera huwa chini yake. Ya lenzi, karibu na inapojifunga kwenye kamera. Ulitupa boksi? Faili za picha zako za zamani mara nyingi huibeba nambari ya kamera. Zifungue kwenye kompyuta utazame taarifa zake.

Usiongeze lenzi ambayo hukuwa nayo ili bima ilipe. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaadhibu taarifa za uongo kwa afisa wa umma, hadi miaka 3. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ni hadi miaka 3 vilevile. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, kifungu cha 322, ni hadi miaka 14. Ndiyo, mpokeaji anaweza kufungwa zaidi ya mwizi, na “mimi nimenunua tu” si kinga. Kabla ya kununua kamera iliyotumika, dai risiti, ulinganishe nambari yake na iliyo kwenye kamera yenyewe, tarakimu kwa tarakimu.