Dhana tunazorithi pamoja na Land Rover ya zamani

Chini ya miembe ya Tabora, nyuma ya nyumba za Cheyo na Kanyenye, bado yapo magari ya Land Rover yaliyotengenezwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Langu ni la toleo la Series IIA, lililotengenezwa kati ya 1961 na 1971, nami nililipokea kwa baba mkwe pamoja na sanduku la spana, makopo mawili ya nati zilizochanganyika, na ushauri mwingi kuliko vipuri. Sehemu kubwa ya ushauri huo, ambao nimeusikia pia kwa majirani, kwa madereva wa malori na hata kwa mafundi ninaowaheshimu, haikuwa kweli, na baadhi yake ingeweza kuniua.

Dhana inayozaa nyingine zote ni ile isemayo kwamba gari lisilo na kompyuta ni gari rahisi, hivyo mwenye spana tatu, plaizi na nyundo anaweza kulimaliza uani kwake. Kulitengeneza uani kunawezekana kabisa, na mimi hufanya hivyo karibu kila Jumamosi. Hata hivyo, kazi ambayo kompyuta huifanya katika gari la kisasa, yaani kupima na kurekebisha kila mara, katika gari la zamani ameachiwa mwenye gari. Injini ya petroli ya lita 2.25 hutaka mwanya wa pointi za distributa, zile swichi ndogo zinazokata umeme ili cheche itoke, uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, na mwanya wa tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma, uwe inchi 0.010, yaani robo ya milimita, kwa valvu zote nane. Jicho haliwezi kuona tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita, hata liwe jicho la fundi wa miaka arobaini. Kwa sababu hiyo kifaa cha kwanza kununua ni fila, ile seti ya vijibati vyembamba vya kupimia mwanya, ambayo bei yake haifikii ya tairi kuukuu. Niliwahi kuipoteza yangu safarini nikatumia nyembe nne mpya nilizozipanga pamoja, kwa kuwa wembe mmoja wa kawaida una unene wa takriban milimita 0.1. Zilinifikisha nyumbani na kidole kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa.

Spana nazo zina habari yake. Wengi huamini kwamba spana inayoingia kwenye nati ndiyo spana yake. Nati za gari hili ni za vipimo vya inchi, na hata hizo si za mfumo mmoja. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, kwa hiyo spana ya milimita 13 huingia vizuri tu, ikacheza kidogo, na ule mchezo wa milimita 0.3 ndio unaokula pembe za nati iliyokwisha kushikwa na kutu. Baada ya hapo kinachofuata ni patasi na nyundo, na hadithi ya kwamba magari ya zamani yana nati mbaya.

Ugomvi wangu mkubwa ni na dhana ya kwamba injini ikizimika njiani, mkosaji ni kabureta. Nilikuwa narudi kutoka Sikonge, jua la Oktoba likiwa kali, injini ikaanza kukohoa baada ya mwendo wa dakika arobaini hivi na kuzimika. Dereva wa lori la mbao alisimama, akaniamkia, akainama juu ya boneti na kusema bila kusita, "Mzee, hiyo ni kabureta, petroli yetu ina uchafu." Tulipuliza jeti, kile kitundu chembamba cha petroli ndani ya kabureta, tukarudisha, gari likawaka, naye akaondoka akiwa ameshinda. Kilomita kumi mbele lilizimika tena. Nilifungua kabureta ile mara tatu siku hiyo, nikachana gasketi yake, na kila mara gari liliwaka kwa sababu moja tu ambayo sikuiona: muda wa kufungua kabureta ulikuwa muda wa injini kupoa.

Kesho yake shemeji yangu, ambaye si fundi bali ni mtu mwenye subira, alichomoa waya mkubwa unaotoka kwenye koili, inayokuza umeme wa betri kwa ajili ya cheche, akaushika kwa plaizi yenye mpira mbali na mvuke wa petroli, akauweka karibu na chuma cha injini huku mimi nikipiga stata. Injini ikiwa baridi cheche ilikuwa ya buluu na ilitoa mlio. Ilipopata moto ikawa nyembamba, ya manjano, kisha ikatoweka. Pointi zilikuwa zimeungua na kuwa nyeusi, na mwenye kosa alikuwa kondensa, kile kikopo kidogo kama kidole gumba kinachokaa ndani ya distributa. Pointi zinapofunguka, umeme wa koili hutaka kuruka katika ule mwanya. Kondensa huupokea umeme huo ili usumaku wa koili uanguke kwa ghafla, na anguko hilo la ghafla ndilo linalotoa volti za kurusha cheche kwenye plagi. Kondensa inayochoka hufanya kazi ikiwa baridi na kugoma ikipata joto, kwa hiyo kila anayeifuata kwa kuchokonoa kabureta hupewa ushahidi wa uongo. Uchafu katika petroli upo, sikatai, lakini ukaguzi wa cheche huchukua dakika mbili na hauchani gasketi.

Upande wa kupoza injini tuna dhana mbili zinazotembea pamoja: kwamba themostati ni kwa nchi za baridi na huku kwetu itolewe, na kwamba maji ya kisima yanatosha kwenye rejeta. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Hufungwa ili injini ifikie haraka joto lake la kazi, kisha hufunguka. Ikitolewa, injini hukaa muda mrefu ikiwa baridi, petroli isiyochomeka vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi huisha mapema, na matumizi ya petroli hupanda. Gari linalochemka likipona baada ya kutolewa themostati, ama themostati ile ilikuwa mbovu na ilihitaji mwenzake mzima, ama rejeta imeziba na ugonjwa wake umefichwa kwa muda. Maji matupu nayo hula chuma cha injini kwa kutu na kuacha magadi katika mirija ya rejeta, ndiyo maana huchanganywa na kuulanti, dawa ya rejeta inayozuia kutu.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni mwinuko. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji katika sufuria ya wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa gari hili hushikilia shinikizo la takriban pauni 9 au 10 kwa inchi ya mraba na kusukuma kiwango cha kuchemka hadi juu ya nyuzi 110. Kifuniko ambacho mpira wake umekufa, au kilichobadilishwa kwa kipande cha tambara, huondoa kinga hiyo yote, halafu lawama huenda kwa feni. Shinikizo hilo hilo ndilo sababu ya kutofungua rejeta ikiwa moto, kwa kuwa maji yaliyozuiliwa hugeuka mvuke papo hapo usoni mwa anayefungua.

Wazee wengi husema pia kwamba injini hizi ziliumbwa kwa petroli yenye madini ya risasi, na tangu risasi iondolewe ni lazima ziongezewe kitu, kwa kawaida mafuta ya taa kidogo. Ni kweli kwamba risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi, na ni kweli kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza mwanzoni mwa 2006, huku Algeria ikiwa ya mwisho duniani mwaka 2021. Mafuta ya taa, hata hivyo, hayana kinga yoyote kwa kiti cha valvu. Yanachofanya ni kushusha oktani, yaani uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati, injini ikaanza kugonga inapopanda mlima na mzigo. Hatari yenyewe huwapata zaidi wanaoendesha kwa kasi na mzigo mzito kwa muda mrefu, tena inapimika. Valvu inapozama katika kiti chake, mwanya wa tapeti hupungua wenyewe, hivyo anayeandika vipimo vyake kwenye daftari kila anapopima ataiona mapema. Mimi nina daftari la miaka sita na mwanya bado haujasogea.

Betri ya gari la zamani haifungwi kwa mazoea. Hadi karibu 1967 magari haya yalitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea, na aliyewahi kuunguza altaneta, mtambo wa kuchaji betri, kwa kugeuza nyaya atasoma waya kabla ya kukaza. Kuhusu kutu, ni kweli kwamba bodi ni ya alumini, lakini chasisi ni ya chuma cha kawaida, nayo huoza kutoka ndani, ambako tope la masika hukaa hadi kiangazi. Igonge kwa nyundo ndogo mahali mbalimbali. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

Katika breki sina uvumilivu. Dhana kwamba mafuta ya breki yakiisha unaweza kuongeza oili ya injini, au ya stelingi, kwa kuwa yote ni mafuta, ndiyo hatari kuliko zote nilizorithi. Mipira ya masta silinda na ya silinda za magurudumu ilitengenezwa kuvumilia mafuta ya breki pekee. Ikiguswa na oili ya madini hunywa na kuvimba, ikaziba tundu dogo ambalo mafuta hurudia, na breki zikabaki zimekamata hadi ngoma zikatoa moshi, au mipira ikalainika na kuvuja. Hakuna kusafisha baada ya hapo, kila mpira katika mfumo hutolewa na kuwekwa mpya. Gari kama langu lina mfumo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo bomba moja likipasuka kanyagio huenda hadi sakafuni na hakuna jozi ya pili ya kukuokoa. Hata mafuta sahihi huzeeka, maana hunyonya unyevu wa hewa, na chupa iliyokaa wazi rafuni tangu masika yaliyopita ni ya kumwaga.

Breki ya mkono nayo hudhaniwa kuwa inashika magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover hizi hushika propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, nyuma ya giaboksi, na nguvu yake hupita katika difu, giya zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, kabla ya kufika kwenye gurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lile la hewani lizunguke upande mmoja na la chini upande mwingine, na gari likateleza kutoka kwenye jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho. Niliona likifanya hivyo uani kwangu, polepole, kama mtu anayeamka usingizini. Sikuwa chini yake kwa sababu nilikuwa nimeitwa chai. Tofali nazo haziaminiki, kwa kuwa hupasuka bila kutoa onyo. Sasa huweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, nainua kwa jeki, kisha naegemeza chasisi juu ya vipande vinene vya mninga vilivyopishanishwa, na kulisukuma gari kwa bega kabla ya kuingia. Vipande hivyo ni vinane, vina namba za chaki, na mke wangu huvihesabu kila jioni kabla ya kuwasha moto wa kuni.