Winfried Junge na Watoto wa Golzow: Karibu Nusu Karne ya Kufuatilia Maisha ya Darasa Moja

Mwishoni mwa Agosti 1961, siku chache baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, mwongozaji filamu kijana wa Ujerumani Mashariki aitwaye Winfried Junge alifika na wapiga picha wake Golzow, kijiji cha wakulima katika bonde la mto Oder, karibu na mpaka wa Poland. Aliwakuta watoto wa chekechea wakicheza mchangani, wakisubiri kuanza darasa la kwanza, na filamu iliyotokana na siku hizo ilikuwa fupi, ya takriban robo saa. Filamu ya mwisho kuhusu watoto haohao ilikamilika mwaka 2007, wakati baadhi yao walikwishakuwa na wajukuu.

Wazo lilitoka kwa Karl Gass, mwongozaji aliyemtangulia Junge katika DEFA, kampuni ya filamu ya serikali. Serikali ilikuwa na sababu zake za kuliunga mkono: Golzow ilikuwa imeharibiwa vibaya na vita mwaka 1945, sasa ilikuwa na shule mpya na ushirika wa kilimo uliostawi, na watoto wake wangeonyesha jinsi kizazi kilichozaliwa katika ujamaa kinavyokua. Junge, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1935, alikuwa na kazi nyingine pia, ikiwemo filamu kuhusu Somalia ya mwaka 1976, lakini Golzow ndiko alikorudi tena na tena: watoto walipofikisha umri wa miaka 11, kisha 14, walipofanya mtihani wa mwisho, walipoanza kazi na walipofunga ndoa.

Ni vyema msomaji aelewe jinsi picha hizo zilivyopatikana, kwa sababu leo simu ya mkononi hurekodi kwa saa nyingi bila gharama ya kutisha. Junge alitumia mkanda wa milimita 35, ambao mita 300 zake huisha kwa dakika 11 hivi, na kamera yenyewe ilikuwa nzito na yenye kelele. Kila swali lilikula mkanda. Kwa hiyo kijana anaponyamaza mbele ya kamera, akaangalia pembeni, kisha akajibu kwa maneno matatu, ukimya huo haukuingia kwenye filamu kwa bahati. Mtu aliamua kuendelea kurekodi, na baadaye mtu mwingine akaamua kutoukata.

Mara nyingi aliyefanya uamuzi huo wa pili alikuwa mke wake, Barbara Junge, ambaye alianza kwa kupanga na kutunza hifadhi ya mikanda, akawa mhariri, na katika miaka ya 1990 akatajwa kuwa mwongozaji mwenza. Kwa maoni yangu, jina lake halijapewa uzito linaostahili. Mikanda ya miongo kadhaa isiyo na mpangilio haimsaidii mtu yeyote, na bila kazi yake ya kuoanisha sura ya mtoto na sura ya mtu mzima, tungebaki na ghala tu la picha.

Filamu kubwa ya mwaka 1981 ina zaidi ya saa nne na inasimulia maisha ya watu tisa, mmoja baada ya mwingine. Hakuna shujaa kati yao. Katika mfululizo mzima tunakutana na mkamuaji wa ng'ombe, fundi rangi, seremala na mfanyakazi wa maabara ya kemia, na kinachomshika mtazamaji ni kuona tofauti iliyopo kati ya yale waliyoyataraji wakiwa na umri wa miaka 14 na kazi wanayoamkia kila asubuhi.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 1990 Ujerumani iliungana, nchi iliyogharimia filamu hizo ikatoweka, na watu wa Golzow wakajikuta katika uchumi mwingine wakiwa na umri wa miaka 35 hivi. Mwaka 1993 Junge alitoa filamu ndefu ambamo anaonyesha pia vipande vilivyoachwa zamani, na anazungumza waziwazi kuhusu maswali aliyoyauliza na mipaka aliyowekewa. Ni nadra kwa mwongozaji kuikagua kazi yake mwenyewe hadharani kiasi hicho, na ndiyo maana filamu zilizofuata, ambazo nyingi zinamhusu mtu mmoja mmoja, zinaaminika zaidi.

Hata hivyo, uhusiano huo haukuwa rahisi. Baadhi ya wanafunzi wa darasa lile walijitoa. Filamu moja ya miaka ya 1990 imebeba katika jina lake swali, “Maisha yangu yanawahusu nini?”, ilhali nyingine ya kipindi hicho inasema, “Haya basi, maisha yangu ndiyo haya.” Wahusika wa filamu hizo mbili walikuwa na haki ya kusema hivyo. Sauti ya Junge nyuma ya kamera wakati mwingine humbana mno anayehojiwa, na wahakiki wamelilalamikia hilo. Lakini hakuifuta sauti hiyo, hivyo mtazamaji anaweza kupima mwenyewe ni nani aliyelazimishwa kujibu na ni nani aliyejibu kwa hiari.

Anayetaka kuzitazama asianze na zile za saa nne. Aanze na filamu mbili fupi za 1961 na 1962, kisha achague simulizi ya mtu mmoja, kama ile ya mwishoni mwa miaka ya 1990 kuhusu mama aliyefariki akiwa bado kijana na mwanawe aliyebaki, na baada ya hapo ndipo arudi kwenye ile ya 1981.