Boti Imefunga Gati na Baridi Imeingia: Uwashe Joto Gani?

Baridi ikianza kuuma tu, simu nyingi ninazopokea zina swali moja: "Fundi, ninunue hita gani?" Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mifumo ya joto kwenye boti nyembamba za mifereji ya Uingereza, zile za chuma zenye upana wa mita mbili na kidogo, ambazo watu huzifanya makazi mwaka mzima. Kabla sijataja hita yoyote, nami huuliza maswali mawili. Boti yako inalala wapi? Na moshi na mvuke wa hicho unachotaka kukiwasha vitatokea wapi?

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linaloua watu.

Ukichoma kilo moja ya gesi ya propani, unazalisha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Yanapanda hewani kama mvuke, huyaoni, kisha yanatafuta penye ubaridi: fremu ya dirisha, vichwa vya skrubu za dari, chuma kilicho nyuma ya mbao. Inua godoro la boti inayopashwa kwa hita ya gesi isiyo na dohani, ile ya kusukuma yenye mtungi nyuma yake. Chini utakuta ubao umelowa na kuvu jeusi limeshika kitambaa. Wenye boti wengi huniambia boti inavuja. Napangusa ukuta kwa kidole mbele yao, nawaonyesha maji yametoka ndani.

Mvuke ni kero. Hatari ni kinachofuata. Mtu anaona joto limepatikana, anaziba matundu ya hewa lisitoroke. Moto unakosa oksijeni ya kutosha, unaanza kutoa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, kwa hiyo mtu hudhani ana mafua na kwenda kulala. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaujua msiba huu kwa sura ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani msimu wa baridi kule Makete au Limuru. Januari 2014, kwenye bandari ya Whitby, wavuvi wawili walifariki usingizini ndani ya boti yao Eshcol ikiwa imefunga gati. Walikuwa wamewasha griri ya jiko la gesi ili kupasha joto sehemu ya kulala, na hapakuwa na king'ora cha kaboni monoksidi. Wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza waliandika ripoti nzima kuhusu tukio hilo, na kila fundi wa boti angepaswa kuisoma.

Jiko la kupikia libaki la kupikia. Chochote kinachopumua hewa ya kebini na kutema moshi humo humo, mimi sikifungi, hata mteja akisema ni kwa usiku mmoja tu.

Sasa boti inalala wapi? Sheria ya mwaka 1995 inamtaka mwenye boti asiye na maegesho ya kudumu asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, kwa kawaida. Huyo hana nguzo ya umeme pembeni, ile ya gatini yenye soketi ya kuchomeka boti. Mwenye maegesho ya kulipia mara nyingi anayo. Tofauti hii inaamua karibu kila kitu.

Wenye nguzo mna bahati. Joto la umeme halina moshi wala mvuke, na redieta ya umeme iliyojazwa mafuta, ya wati 1,500, inatosha kwa usiku mwingi wa baridi kama boti ina povu zuri la kuzuia joto kati ya chuma na mbao. Ongeza mashine ya kukausha hewa, kuvu litakusahau. Ila piga hesabu kabla. Soketi ya ampea 16 kwa volti 230 inatoa takriban wati 3,700. Redieta ikiwa inafanya kazi, ukachomeka birika la wati 3,000, umevuka. Swichi inakata, nawe unatoka nje usiku kutafuta nguzo kwa tochi. Gati nyingine hazifikishi hata ampea 16, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia.

Kuna jambo jingine kuhusu umeme wa gatini ambalo wauzaji wa hita hawalitaji. Waya wa ethi wa nguzo unaiunganisha boti yako na boti zote zilizochomekwa hapo. Chuma chako, chuma cha jirani na maji ya mfereji vinageuka kuwa betri moja kubwa, na mkondo mdogo unapita mchana na usiku. Vipande vya madini ya magnesiamu vilivyofungwa ubavuni kulinda bodi vinaliwa haraka, na vikiisha kinaliwa chuma chenyewe, vishimo vidogo vidogo chini ya mstari wa maji usivyoviona mpaka boti ipandishwe nchi kavu. Kuna kifaa cha kuzuia mkondo huo kwenye waya wa ethi. Kifunge kabla ya kununua redieta. Nimeona watu wakihangaikia bei ya joto huku boti yenyewe inaliwa.

Asiye na nguzo asidanganyike na hita ya umeme ya kutumia betri. Wati 1,500 kwenye mfumo wa volti 12 ni ampea 125. Betri za asidi za ampea-saa 440, ambazo huwezi kuzitumia zaidi ya nusu bila kuziumiza, hazikufikishi saa mbili.

Zimebaki hita ya dizeli na jiko la makaa; si lile jiko la mkaa la wazi, bali la chuma, lenye mlango na dohani ya kutoa moshi nje.

Hita za dizeli za Webasto na Eberspächer zina chemba ya moto iliyofungwa, ambayo huvuta hewa yake ya kuchomea kutoka nje na kurudisha moshi nje. Kebini inapata joto kavu. Ndogo ya kilowati mbili hula karibu robo lita kwa saa ikiwa kwenye moto wa juu. Udhaifu wake ni kuwasha: kwa dakika chache za mwanzo plagi ya joto hunyonya kama ampea kumi, na betri iliyochoka inaifanya ikatae kuwaka saa kumi alfajiri, wakati unaoihitaji zaidi. Ukiiacha kwenye moto mdogo siku nzima inajaa masizi. Ipe moto mkubwa kwa nusu saa mara kwa mara.

Kuhusu zile za bei poa zilizotengenezwa kwa ajili ya malori, tazama ekzosi yake kwa karibu. Bomba ni jembamba, viungo vinabanwa kwa klampu, na sailensa ina mishono inayopitisha moshi na mara nyingi tundu la kutolea maji. Chini ya lori, moshi huo unapotelea barabarani. Ndani ya chumba cha injini cha boti, unatafuta njia ya kwenda kitandani.

Jiko la makaa ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa boti ya kuishi. Jiko dogo la Morsø halihitaji hata wati moja, na makaa yasiyo na moshi yanalala na moto mpaka asubuhi. Linavuta hewa yenye unyevu na kuitoa kwa dohani, ndiyo maana boti yenye jiko huwa kavu. Makaa ya mawe ya kawaida hayauzwi tena kwa matumizi ya nyumbani England tangu Mei 2023, na kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo lazima ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Kagua kamba inayoziba ukingo wa mlango wa jiko: weka kipande cha karatasi, funga mlango, vuta. Karatasi ikitoka bila kukatalia, badilisha kamba. Na majivu yatoe nje mara moja, kwa sababu ndoo ya majivu yenye kaa moja hai inaendelea kutoa kaboni monoksidi kwa saa nyingi.

Mwenye nguzo, ukiniuliza, aweke redieta na mashine ya kukausha hewa, abaki na jiko la makaa kwa siku umeme ukikatika. Asiye na nguzo aanze na jiko, hita ya dizeli iongezwe pesa ikipatikana, kwa ajili ya chumba cha nyuma ambako joto la jiko halifiki. King'ora cha kaboni monoksidi kimekuwa lazima kwenye boti za mifereji zenye sehemu ya kulala tangu Aprili 2019, hata kama kila kitu ndani ni cha umeme, kwa sababu moshi wa jenereta ya jirani unaingia dirishani kwako. Nunua kilichothibitishwa kwa ajili ya boti, kifunge mita moja hadi tatu kutoka kwenye jiko, na kingine karibu na kichwa unapolala.