Linux kwenye kompyuta ya nyumbani: yanayosemwa vijiweni na yaliyo kweli

Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikabakiza mwaka mmoja wa nyongeza kwa wanaojiandikisha. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, haziwezi kupanda kwenda Windows 11, kwa kuwa inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Cha kwako utakijua kwa namba ya prosesa: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Ndiyo maana siku hizi jina la Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, linatajwa hata na watu ambao hawajawahi kufungua kompyuta kwa bisibisi. Tatizo ni kwamba wengi wanaogopa pasipo na hatari, na penye hatari wanapita wakipiga mluzi. Mfano wetu hapa ni Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, maana kwa mtu anayetoka Windows ndiyo isiyomchosha.

“Linux ni ile skrini nyeusi ya kuandika amri”

Ilikuwa hivyo zamani. Mint ina menyu kwenye kona ya chini kushoto, mafolda, saa kulia, na dirisha lake la kutafuta na kuongeza programu. Skrini ya amri ipo, na unaweza kumaliza mwaka bila kuigusa.

“Kompyuta yoyote iliyochoka itafufuka”

Hii ndiyo inayoleta lawama nyingi, na wanaoieneza ni wapenzi wa Linux wenyewe. Mint inawaka kwenye RAM ya GB 2, lakini kuwaka si kufanya kazi. Mzigo mkubwa leo ni kivinjari, na kivinjari hakijali kama chini yake kuna Windows au Linux: ukifungua kurasa sita na video moja, GB 2 zimekwisha, mashine inaanza kuhamishia kazi kwenye diski na inagoma. Kwa GB 4 chagua toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Kwa GB 8 chukua toleo la Cinnamon.

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 240. Diski ya zamani inayozunguka ndiyo inayofanya laptopu ya mwaka 2014 ionekane mzee, na hakuna mfumo utakaoificha hiyo kasoro. Feni iliyojaa vumbi la kiangazi nayo haisafishwi na Linux. Prosesa ikipata joto inapunguza kasi yenyewe, na mwenye mashine anabaki kulaumu mfumo mpya.

Mashine za biti 32 achana nazo kwa Mint 22, haiziungi mkono.

“Ukiweka Linux, kila kitu kinafutika”

Kinafutika ukichagua kufuta diski nzima. Chaguo hilo lipo, limeandikwa wazi, na wanaopoteza picha za harusi ni wale waliobofya “endelea” bila kusoma. Lakini kuna mambo manne yanayoharibu kazi ambayo watu hawayasemi.

La kwanza ni flashi yenyewe ya kuwekea Linux. Faili la Mint ni karibu GB 3, hivyo flashi ya GB 8 inatosha, na programu ya Rufus itakapoliandika humo, chochote kilichokuwemo kwenye flashi kinaondoka. Usitumie ile yenye mitihani ya kidato cha nne.

La pili ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data iliyo kwenye diski. Baadhi ya laptopu hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua. Ndani ya Windows fungua skrini ya amri kama msimamizi, andika `manage-bde -status`. Ikionyesha diski imefungwa, ifungue kabisa kwanza, au walau hifadhi ule ufunguo wa tarakimu 48 mahali pengine. Ukigusa mipangilio ya kuwasha bila huo ufunguo, Windows itakuomba na utabaki unaiangalia.

La tatu ni ule uwashaji wa haraka wa Windows. Ukizima kompyuta, Windows haijifungi sawasawa, inalala nusu. Linux ikiikuta diski hivyo inaifungua kwa kusoma tu, au inakataa. Dawa ni `powercfg /h off`, halafu uzime na kuwasha upya.

La nne, ambalo kwa huku ndilo kubwa, ni umeme. Kunakili mafaili ya Linux umeme ukikatika si balaa, unaanza tena kutoka kwenye flashi. Balaa ni ukikatika wakati kizigeu cha Windows, yaani sehemu yake ya diski, kinapunguzwa, maana hapo data inahamishwa mahali. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba hadi Aprili mvua na radi hazipigi hodi. Fanya kazi hiyo kwenye laptopu yenye betri nzima iliyojaa. Kompyuta ya mezani iwe na UPS (betri ya akiba), na kama huna, azima. Na nakala ya mafaili yako iwe imeshakaa kwenye diski nyingine kabla hujagusa chochote. Hili halina mjadala.

Ukitaka kubaki na Windows pembeni, punguza kizigeu ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwenye chombo chake cha kusimamia diski. Acha GB 50 tupu au zaidi, kisha wakati wa kuweka Mint chagua kugawa mwenyewe: tengeneza kizigeu kimoja cha aina ya ext4 kwenye nafasi ile tupu, ukipe alama ya `/`. Kile kidogo cha EFI kilichopo, chenye mafaili ya kuwashia kompyuta, usikifute. Usiwe bahili wa nafasi, kwa sababu Timeshift, chombo cha kurudisha mfumo nyuma ukiharibika, huhifadhi picha zake humo humo, na GB 20 zinajaa upesi.

Programu ya kuweka isipoiona diski kabisa, mara nyingi BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta) imeweka diski kwenye mtindo wa RAID au RST badala ya AHCI. Usibadilishe kiholela kama Windows bado unaihitaji, inaweza kukataa kuwaka.

“Nikiweka ndipo nitajua kama printa na Wi-Fi vinakubali”

Kinyume chake. Washa kompyuta kutoka kwenye flashi (F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP), chagua kujaribu, na mfumo mzima unafunguka bila kuandika chochote kwenye diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, printa. Kasi usiihukumu hapo, flashi ni polepole. Wi-Fi ikikosekana, mara nyingi ni chipu ya Broadcom au Realtek inayotaka draiva, programu ya kuendeshea kifaa. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na draiva itapakuliwa kwa bando la simu. Printa za HP hukubali kirahisi. Canon LBP2900, ambayo steshenari nyingi zinaipenda, husumbua kwa sababu draiva yake ya Linux ni ya kizamani.

“Haishiki virusi”

Inashika, ila kwa uchache. Virusi vya flashi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato haviwezi kukimbia ndani ya Linux, lakini flashi yako itavibeba hadi kwa mteja mwenye Windows. Na tovuti ya Linux Mint yenyewe ilidukuliwa Februari 2016, watu wakapelekwa kwenye faili lenye mlango wa nyuma. Kwa hiyo faili ulilopakua lihakiki: kwenye Windows andika `certutil -hashfile` ikifuatwa na jina la faili na `SHA256`, ulinganishe na namba iliyoko kwenye tovuti. Hilo pia linakamata faili lililoharibika bando lilipokata katikati. Ukipakua kwa torenti unaendelea ulipoishia, bila kuanza upya.

“Kazi za Word hazitafunguka”

Zinafunguka kwa LibreOffice. Kinachovurugika ni mpangilio, na chanzo kwa kawaida ni fonti. Calibri inabadilishwa na Carlito yenye upana uleule, hivyo kurasa hazihami. Lakini nyaraka mpya zenye Aptos, fonti ya kawaida ya Word ya sasa, zitasogea. Cha kuchapishwa kipeleke kikiwa PDF. Makro za Excel nyingi hazitaenda.

Kwa upande mwingine, Photoshop, CorelDRAW, AutoCAD, Tally na QuickBooks ya kompyuta hazina toleo la Linux. Anayeishi kwa kutoa picha za pasipoti na stika abaki na Windows kwenye mashine ya kazi. Wapo watakaokwambia utumie Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux. Kwa biashara ya watu wanaosubiri foleni, usithubutu.

“Tangu niweke Linux betri ya saa imekufa”

Ni saa 10 jioni, unafungua Windows inakuonyesha saa 7 mchana, na fundi anakuuzia betri ya CR2032. Tofauti ikiwa ni saa tatu kamili, betri haina kosa. Linux huandika saa ya UTC, ile ya kimataifa, kwenye bodi, Windows huisoma kana kwamba ni ya hapa, nasi tuko saa tatu mbele ya UTC. Ndani ya Mint andika `timedatectl set-local-rtc 1`. Betri nunua pale tu tarehe inaporudi miaka nyuma kila ukichomoa waya wa umeme.