Presha ya macho ni moja, lakini pembe ni tofauti

Nilimsindikiza shangazi kliniki ya macho hapa Nairobi, nikaketi kwenye benchi na mama mmoja wa Kayole. Alikuwa ameshika kadi yake kwa mikono miwili. Jirani yake alipigwa leza kwa dakika chache akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na yeye ameambiwa atapasuliwa. "Kwani si ni presha ya macho ile ile, mwanangu?"

Siyo ile ile. Presha ya macho, au glakoma, ina aina kadhaa, na kinachozitenganisha kwanza ni pembe.

Jicho hutengeneza maji ndani yake mchana na usiku. Si machozi, haya hayaonekani. Hupita kwenye mboni, yakaja mbele, kisha yakatokea kwenye kichujio chembamba pale irisi, ile sehemu yenye rangi ya jicho, inapokutana na konea, kioo cha mbele cha jicho. Hapo ndipo penye pembe. Maji yakikosa pa kutokea, presha hupanda, nayo neva inayopeleka picha kwenye ubongo huumia polepole. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa kuna watu ambao neva yao huumia hata ikiwa humo humo. Sehemu ya neva iliyokufa hairudi, kwa hiyo upasuaji hulinda kuona kulikobaki tu.

Shangazi alitiwa matone ya ganzi, daktari akamwekea juu ya jicho kilenzi chenye vioo vidogo ndani yake. Bila kioo hicho pembe haionekani. Inanisikitisha kwamba wagonjwa wengi wanaijua namba ya presha yao lakini hawajawahi kuambiwa pembe yao ikoje.

Pembe ikiwa wazi, mlango hauna kizuizi ila kichujio chenyewe kimechoka. Aina hii ndiyo iliyoenea zaidi kwa Waafrika, na haiumi, hivyo mtu huchelewa. Huanza kutibiwa kwa matone au leza ya kwenye kichujio. Yakishindwa, hufanywa upasuaji uitwao trabekulektomi, ulioelezwa na daktari Cairns wa Cambridge mwaka 1968: daktari hufungua kijimlango kwenye weupe wa jicho, chini ya kope la juu, maji yatoke na kufyonzwa taratibu. Ajabu ni kwamba hapa kidonda kikipona sana ni hasara, maana kovu huziba njia. Watu wenye asili ya Afrika huelekea kuweka kovu kwa wepesi zaidi, ndiyo maana hupakwa mitomaisini, dawa ya kuzuia kovu, wakati wa upasuaji, na ndiyo maana kliniki za baadaye hazikoswi.

Pembe ikifungika, irisi imesukumwa mbele ikakalia kichujio. Leza hutoboa tundu dogo kwenye irisi, maji yakapata njia ya mkato. Mara nyingi kinachosukuma ni lenzi ya ndani ya jicho iliyonenepa kwa umri. Hiyo ikitolewa na kuwekwa ya bandia nyembamba, pembe hupata nafasi. Ikifungika ghafla, jicho huwa jekundu, kichwa kinauma, mtu anatapika na kuona duara za rangi kwenye taa. Huyo asisubiri asubuhi.

Mwenye kisukari anaweza kuota mishipa mipya ya damu hadi kwenye pembe. Kwake kijimlango huziba upesi, kwa hiyo mishipa hukaushwa kwanza kwa sindano au leza ya retina, utando wa nyuma ya jicho, kisha mara nyingi huwekwa mrija mdogo wa kutoa maji. Mtoto mchanga mwenye glakoma, macho yake makubwa yakikimbia mwanga, hupasuliwa mapema, pembe yenyewe ikakatwa ifunguke.

Mama wa Kayole alinipa kadi yake niisome. Pembe wazi, macho yote mawili. Aina mbili za matone, presha bado 28. Jirani yake, kwa jinsi alivyomweleza, aliamka usiku akitapika. Nikamwonyesha lile neno pembe kwa kidole, akaliangalia muda mrefu kabla ya kuitwa ndani.